Wimbo Usio na Mwenyewe

Lydie alikuwa na miaka tisa alipotunga wimbo wake wa kwanza, na kwa miaka ishirini na tisa hakumwambia mtu kwamba ulikuwa wake. Nyimbo zote alizotunga baadaye zilibeba jina lake. Aliziimba redioni na katika kumbi za Lubumbashi, na watu wakamjua kwa hizo. Ule wa kwanza ulikwenda peke yake, bila jina, kutoka mdomo hadi mdomo.

Alizaliwa Makomeno, mtaa wa mji huo, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake, Stanislas, kazi yake ilikuwa breki za mabehewa, katika treni zilizokwenda kaskazini. Aliondoka na begi moja la turubai, na hakuna aliyejua kama angerudi baada ya siku kumi au baada ya mwezi, kwa maana reli ilikuwa imechoka na treni iliweza kulala porini juma zima. Mama yake, Brigitte, alikuwa mtu wa Kongolo. Mumewe akiwa safarini, mama huyo alitwanga sombe, majani ya muhogo yanayoliwa kwa bukari, yaani ugali, muda mrefu kuliko sombe yenyewe ilivyohitaji, huku akiimba. Aliimba kwa Kiluba. Alitoa mstari mmoja na Lydie, ambaye hakujua Kiluba ila maneno machache ya salamu, alijibu kwa kuiga sauti. Akiuliza maana yake, mama alimwambia ni maneno ya kutwanga tu, hayana maana nyingine.

Kati ya nyimbo hizo ulikuwamo mmoja ambao mtoto aliupenda kuliko zote. Sauti yake ilishuka polepole, kama mtu anayeteremka mlima na ndoo kichwani, kisha ikasimama ghafla kungoja jibu. Lydie aliuimba akienda shule, akifua, akichota maji. Alikuwa mtoto wa pekee, na wimbo ule ulimtosha kama mwenzake.

Jioni, wasichana wa mtaa walikutana kwenye uwanja kati ya safu mbili za nyumba, karibu na kichuguu kirefu kupita mtu mzima. Walifanya duara, wakapiga makofi, na mmoja akaingia katikati kucheza. Aliyeleta wimbo mpya aliheshimiwa siku ile. Lydie hakuwa mrefu, hakuwa na nguo nzuri, na hakujua kucheza vizuri. Alikuwa na masikio tu.

Katika safu ya nyuma aliishi Benita, mtoto wa umri wake, aliyekaa naye dawati moja shuleni. Mama yake Benita alikuwa amekufa, na mtoto alilelewa na mjomba wake. Mwaka ule, kitinda mimba wa mjomba alishikwa na homa akafa katika siku nne. Mtu mmoja aliyekuwa akiombea watu katika ua wa nyumba yake alisema mtoto yule ameliwa, na kwamba aliyemla analala chini ya paa lile lile. Kati ya watoto wa nyumba ile, mmoja tu hakuzaliwa humo. Tangu siku hiyo neno mulozi, yaani mchawi, lilianza kumfuata Benita, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti.

Lydie hakumchukia Benita. Hilo ndilo alilokuja kushindwa kulieleza hata alipokuwa mtu mzima. Hakuwa na kisasi naye wala wivu. Alisikia watu wakubwa wanavyosema, akauchukua wimbo wa kutwanga wa mama yake, akaweka maneno yale ndani yake, na jioni moja akaupeleka kwenye duara.

*Benita, Benita, unakula nini?*
*Nakula bukari na roho ya mutu.*
*Benita, Benita, unalala wapi?*
*Nalala mu moto na siungue.*

Wasichana waliushika mara moja. Walicheka, wakaurudia, wakampigia Lydie makofi, na mkubwa wao akamwambia aingie katikati. Hakuwahi kupigiwa makofi kabla ya siku hiyo. Usiku alilala na furaha. Kabla ya mwezi kwisha, wimbo ulikuwa umevuka reli.

Siku mjomba alipomtoa Benita ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alimwaga nguo zake barabarani, akafunga mlango. Benita aliziokota moja moja, akazitia katika beseni la plastiki, akaanza kutembea. Watoto walimfuata wakiimba. Lydie alikuwa amesimama mbele ya kwao. Benita alipofika pale alisimama, akamwangalia.

"Njo weye uliitungaka?" aliuliza.

"Hapana," Lydie alisema. "Haiko miye."

Benita alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akaendelea na njia yake.

Mlangoni nyuma ya Lydie alisimama mama yake. Alikuwa amesikia watoto wakipita, na aliijua ile sauti ilikotoka. Tangu siku ile hakuuimba tena ule wimbo kinuni, wala Lydie hakumwomba auimbe. Brigitte alikufa miaka mingi baadaye, na binti yake hakupata kujua mama alielewa kiasi gani.

*

Aliyemfundisha gitaa alikuwa Faustin, fundi wa karakana ya reli aliyeongoza kwaya ya parokia. Lydie alikuwa na miaka kumi na sita. Walikaa kwenye baraza ya kanisa baada ya misa, na wapita njia waliona ajabu msichana kushika gitaa. Faustin alikuwa mtu wa maneno machache. Akipendezwa alisema "haya", asipopendezwa alisema "rudilia".

Baada ya miaka michache Lydie alianza kutunga. Aliona mambo ya mji, naye hakuweza kuyaona akanyamaza. Alimwona mjane ambaye shemeji zake walipanda juu ya nyumba wakang'oa mabati akiwa bado matangani. Aliona malori ya mawe ya migodi yakipita siku nzima, na kina mama kando ya barabara wakiwafunika watoto nyuso kwa vitenge kwa sababu ya vumbi. Aliona wasichana wanaokosa somo la kwanza kila siku kwa kungoja maji kwenye bomba. Kila alipoona jambo, alirudi kwenye nyimbo za kinuni. Alichukua sauti ya mama yake, akaipunguza hapa, akaiongeza pale, akaweka ndani yake yule mjane, lile vumbi, ile foleni ya ndoo. Watu walisikia kitu kipya na kitu walichokijua tangu utotoni kwa wakati mmoja, wakampenda.

Mtangazaji mmoja alimwuliza anapata wapi nyimbo zake. Alijibu kwamba anazipata kwenye kinu cha mama. Lilikuwa jibu zuri, na la kweli, na kila lilipomtoka alijisikia kama anameza kitu kisichoshuka. Katika nyimbo zote za mama, ule alioupenda kuliko zote hakuugusa. Kila alipoweka vidole kwenye nyuzi kuutafuta, maneno yale ya Benita yalikuwa yametangulia kufika.

Aliolewa na Vital, fundi wa umeme, mtu mwema. Hawakupata mtoto. Baada ya miaka sita Vital alipata kazi Zambia. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, baadaye siku za sikukuu, baadaye hakupiga tena, na Lydie hakumlaumu, maana hata yeye alikuwa amekosa la kumwambia. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Alibaki katika nyumba ya reli peke yake. Njiani watu walimsalimu kwa heshima, "Mama Lydie, ule wimbo wako wa vumbi!", lakini hakukuwa na mtu wa kuingia ndani na kukaa. Alizoea kuiacha redio ikizungumza katika chumba cha pili ili akitoka mjini asikute kimya.

*

Mwaka jana, mwezi wa saba, asubuhi moja ya baridi, alikuwa akianika nguo aliposikia watoto wanaimba nyuma ya ukuta.

*Deborah, Deborah, unakula nini?*
*Nakula bukari na roho ya mutu.*

Aliacha shati likidondoka maji mkononi. Alidhani ule wimbo ulikufa pamoja na utoto wake. Kumbe ulikuwa unaishi muda wote huo, nao ulikuwa umeota mistari mipya ambayo hakuitunga yeye. Sasa mulozi wa wimboni alikuwa na simu, na alipanda ndege ya ufuta, ile wanayosema walozi huruka nayo usiku.

Deborah alimjua. Alikuwa mtoto wa miaka saba wa nyumba ya pembeni, aliyeishi na baba na mama wa kambo. Mama wa kambo alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili, na maneno yalikuwa yameanza.

Lydie alitoka nje. Wasichana walikuwa sita. Deborah hakuwamo kwenye duara. Alikuwa ameegemea ukuta mbali kidogo, anaangalia viatu vyake. Lydie aliwauliza ni nani aliyewafundisha wimbo ule. Waliangaliana. Mkubwa wao, aliyeitwa Merdi, msichana mwenye meno mapana na adabu nzuri, alijibu kwa niaba ya wenzake.

"Hakuna, Mama. Ni wimbo ya zamani. Ba mama betu balikuwaka banaimba. Haina mwenyewe."

Lydie alirudi ndani akakaa juu ya kitanda. Aliniambia baadaye, nilipomsikiliza ili niandike haya, kwamba kama Merdi angemtaja mtu yeyote, hata kwa kumsingizia, ingekuwa nafuu.

Majuma mawili yaliyofuata alifanya alilojua kufanya: alitunga. Alitunga wimbo kuhusu watoto wanaosingiziwa ulozi. Ulikuwa na maneno mazito na kiitikio kirefu. Aliwaita wasichana akawaimbia. Walisikiliza kwa adabu, wakasema asante Mama, wakarudi kwenye duara na kuimba ule wa zamani.

Ndipo alipokwenda kwa Faustin. Mzee alikuwa amestaafu, macho yamepungua, lakini masikio yalikuwa yale yale. Lydie alimwimbia wimbo mpya mwanzo hadi mwisho.

"Hii inahubiri," Faustin alisema. "Batoto habaimbake mahubiri. Na tena kuko kitu unazunguka. Kila ukifika karibu nayo, unaruka."

Basi alimwambia. Alimwambia yote, kuanzia duara hadi beseni la plastiki, na lile jibu lake mbele ya mlango. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake. Alipomaliza alingoja. Alitaka Faustin aseme kwamba alikuwa mtoto tu.

"Sasa unanitazama miye juu ya nini?" mzee aliuliza. "Miye siko Benita."

Halafu akamweleza jambo ambalo Lydie hakulijua. Zamani kwaya ilikuwa ikienda kuimba Noeli kwenye nyumba ya masista walioweka watoto waliofukuzwa makwao, na Benita alikuwa mmoja wa watoto hao. Faustin alimwona akikua. Aliolewa na dereva wa lori, na habari ya mwisho aliyoisikia ni kwamba anapika chakula Kasumbalesa, karibu na mpaka. Lydie alimwuliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Faustin alisema hakuwahi kuulizwa.

*

Alikwenda siku ya Jumanne, bila gitaa. Gari lilipokaribia Kasumbalesa alianza kuona malori yamepangana pembeni ya barabara, moja nyuma ya jingine, madereva wamelala chini ya matela au wanafua nguo kwa maji ya kidumu. Alitembea kando ya msururu ule, akiuliza kila penye malewa, vibanda vile vya mabati ambamo madereva hula. Kwenye cha nane walimwonyesha mwanamke aliyekuwa akisonga bukari katika sufuria kubwa.

Lydie alisimama mbele yake akasema yeye ni mtoto wa ba Stanislas, wa Makomeno.

"Najua," Benita alisema. "Nakusikiaka mu radio. Ikala."

Akamwonyesha benchi kwa kidevu, akaendelea kusonga. Alikuwa amenenepa kidogo na mikono yake ilikuwa na nguvu. Lydie alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yalipotoka yalikuwa machache.

"Ile wimbo, njo miye nilitungaka. Siku ile nilikudanganya."

"Nilijua. Mu ile avenue, nani mwingine alikuwa na akili ya kuimba bile?"

Madereva watatu waliingia. Benita aliwaandalia, akacheka nao kidogo, akarudi. Kwa muda wa saa nzima alizungumza kwa vipande vipande, kati ya sahani na sahani. Alieleza kwamba baada ya siku ile alilala majuma matatu karibu na soko, mpaka sista mmoja alipomwona. Alieleza kwamba alisoma hadi darasa la sita, kwamba ana watoto wawili, na kwamba mumewe yuko safarini wiki tatu katika kila nne. Hakueleza kwa uchungu. Lydie alimenya vitunguu, kwa sababu vilikuwapo mbele yake na mikono yake ilitaka kazi.

"Unajua kitu iliniuma?" Benita alisema ghafla, akiwa amempa mgongo. "Haikuwa maneno. Batu bakubwa balikuwa banasema mabaya kupita ile. Iliniuma juu wimbo ilikuwa muzuri. Kwa masista, wakati ya kufua, nilikuwa najikamata naiimba miye mwenyewe. Ilikatala kutoka mu kichwa. Alors, nikabadilisha majibu."

Akaimba, kwa sauti ndogo, huku akiosha sahani. Sauti ilishuka polepole, ikasimama, ikangoja, kama ilivyokuwa kinuni kwa Brigitte.

*Benita, Benita, unakula nini?*
*Nakula bukari, kuya tukule.*
*Benita, Benita, unalala wapi?*
*Nalala kwetu, mulango iko wazi.*

Wakati ule hakuwa na kwao, alisema. Aliimba tu.

Lydie alilia. Benita hakumbembeleza. Alimpa kitambaa cha meza, akangoja amalize. Lydie alipoomba msamaha, alijibu baada ya kufikiri, kama mtu anayetaka kupima sawasawa.

"Mujomba alikufa, nikaenda ku kilio, nikamusamehe. Ule wa maombi, sikumbukake hata sura yake. Weye, sijui. Unaona, bale balikuwa bakubwa. Weye tulikuwa tunaikala na weye benchi moja. Labda siku ingine. Haiko leo."

Lydie alimwomba ruhusa ya kuimba majibu yale. Benita alikausha mikono.

"Imba. Lakini imba na jina yangu, usiifiche. Na mbele ya kuimba useme nani alitungaka ya kwanza. Usiseme 'batoto'. Sema 'miye'."

Lydie aliahidi. Alimwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, na Benita akakikunja akakitia kiunoni, kwenye fundo la kitenge. Walipoagana alisema Lydie asijisumbue kurudi. Yeye mwenyewe akitaka, atapiga.

*

Aliimba wimbo ule mwezi wa tisa, siku ya sikukuu ya parokia, katika ukumbi uliojaa watu wa Makomeno. Faustin alimsindikiza kwa gitaa la pili. Kabla ya kuanza alisimama akasema: wimbo huu mnaujua wote, mimi ndimi niliyeutunga, nikiwa na miaka tisa, juu ya mtoto aliyeitwa Benita, ambaye hakufanya kosa lolote, akafukuzwa wakati sisi tukiimba, akaniuliza, nami nikakana. Kisha akaimba maneno ya Benita.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake wa umri wake waliangalia chini. Mmoja wao, aliyekuwa kwenye duara lile la zamani, aliinuka akamshika mtoto wake mkono akatoka. Nje alimwambia yeyote aliyetaka kusikia kwamba Lydie ameleta aibu ya watu wote ili aonekane mwema peke yake.

Baada ya hapo mialiko ilipungua. Wimbo wenyewe ulipendwa, na kituo kimoja cha redio kiliupiga mara kadhaa, lakini kilikata maneno ya mwanzo. Lydie alikwenda kuwaomba wayarudishe. Walimweleza kwamba msikilizaji anataka muziki, hataki maungamo. Aliwaomba wasiupige tena, na hawakuupiga tena, wala nyimbo zake nyingine.

Wasichana wa mtaa waliuchukua bila kuombwa. Sauti waliijua tayari, na majibu mapya yaliwapa nafasi ya kuongeza: aliyeingia katikati alitaja anachokula yeye, samaki wa chumvi waitwao vitoyo, mihogo, hata krimu ya barafu ya Noeli. Wengine waliendelea na maneno ya zamani, na kuna jioni ambapo nyimbo mbili zilishindana kutoka pande mbili za uwanja uleule. Deborah hakuwapo kusikia. Siku kumi kabla ya sikukuu ya parokia, baba yake alimpeleka Likasi kwa shangazi yake. Lydie aliona godoro dogo likifungwa juu ya gari, na mtoto amekaa ndani kati ya watu wazima, anaangalia mbele. Watu walisema huko atatulia. Lydie hakujua kama ni kweli. Alijua tu kwamba alikuwa amechelewa.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, mwanamke asiyemjua alifika mlangoni pake na mwavuli. Alisema anaitwa Kahambu, ni mfanyabiashara wa jumla mjini, watu wao ni wa Butembo, na alikuja Lubumbashi akiwa mtoto. Lydie alimkaribisha ndani. Alikataa kukaa.

"Miye pia niliimbaka," alisema. "Mu mutaa yetu tuliweka jina ya Syntiche. Alikuwa jirani yetu. Ukiimba tena, umutie."

Alifungua mwavuli akaenda.

Baada yake alikuja muuguzi, kisha muuza makaa, kisha mwalimu wa shule. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akiangalia nyuma kwanza kama kuna mtu anayemwona. Kila mmoja aliacha jina moja na mtaa mmoja. Hakuna aliyekunywa chai. Hadi Noeli Lydie alikuwa na majina manne katika daftari, na wimbo uliotungiwa mtoto mmoja ulikuwa umepita juu ya watoto wengine wanne aliowaandika, na juu ya wengine ambao hatawajua.

Hakuyaimba. Kasumbalesa ilimfundisha kwamba jina haliimbwi bila ruhusa ya mwenyewe. Alianza kuwatafuta. Syntiche alikuwa amekufa akiwa na miaka kumi na minne, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kaburi. Wa pili alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia hapana, jina lake aliache, na Lydie alilikata kwenye daftari mbele ya macho yake. Wa tatu hakupatikana.

Wa nne aliitwa Chancelvie na aliishi Kipushi. Lydie alikwenda huko mwezi wa pili mwaka huu. Alibisha kwenye geti la chuma lililopakwa rangi ya bluu. Mwanamke alifungua kidogo, akasimama katika uwazi ule, akamsikiliza. Lydie alimweleza yeye ni nani na alitunga nini. Chancelvie alimwangalia muda mrefu, halafu akafunga geti, na kitasa kikaingia.

Lydie aligeuka aende zake. Ndipo sauti ikamjia kutoka ndani, karibu kabisa na chuma.

"Imba nisikie."

Hakuwa na gitaa. Aliimba amesimama barabarani, uso wake mbele ya bluu ile, na watu wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walipunguza mwendo kumtazama mwanamke anayeimbia geti. Aliimba beti zote mbili, na mahali pa jina aliacha kimya, kwa sababu hakuwa amepewa.

Alipomaliza alingoja. Aliweza kusikia kwamba mtu bado yupo nyuma ya chuma, hajaondoka. Alingoja apewe jina au aambiwe hapana, hadi mvua ilipoanza kudondoka, matone makubwa ya mbalimbali, kisha akafunika kichwa kwa kitenge akaelekea kituo cha magari.